Herufi Iliyobanduka

Mama alirudi kutoka Nairobi mwaka wa themanini na tano
na miguu iliyovimba, chupa ya manukato iliyovuja,
na mkoba wa marekani wa kutilia makaratasi ya mkutano.
Juu yake, kwa rangi ya samawati, neno moja:
USAWA.

Kibokoni nzima ilikuja kuutazama.
Nyanya yangu Mwanamkuu, aliyesoma kwa alifu tu, akauliza,
"Hili ni jina la duka?"
Baba akasema, "Ni jina la maradhi."
Watu wakacheka. Mama pia akacheka,
akawamiminia kahawa wote, yeye wa mwisho.

Jina likamganda. Akipita Kuze,
vijana wa barazani: "Usawa huyo, yuwapita!"
Akinunua changu: "Usawa hapunguziwi bei,
alipe kama wanaume."
Siku aliyokwenda kwa kadhi kudai fungu lake
katika nyumba ya marehemu babake,
shangazi Zuwena alifunga dirisha
asijulikane ana wifi wa namna ile.
(Babu yetu wa pili alipofariki, Zuwena naye alikuja
kuuliza karatasi zile hujazwaje.
Usiku. Kwa mlango wa uani.)

Makaratasi yakaliwa na mende. Mkoba ukaishi.
Ukabeba viazi vya Kongowea,
ukabeba sare zangu, kisha nepi za Hidaya wa dada yangu,
ukabeba, mara moja, picha ya mapafu ya baba,
mama nyuma yake kwenye foleni ya Makadara
akimshikia na kofia.
Kila Jumamosi, sabuni ya mche na jua kali.
U ikabanduka.
Hakuna aliyeiona ikienda.
Likabaki:
SAWA.

Ndilo neno nililolelewa nalo.
Sufuria zangu, kaka ameketi: sawa.
Kilindini, ofisi ya makontena, mimi na diploma yangu
natumwa mandazi ya mkutano: sawa, chai je, mwataka ya tangawizi?
Na nikiulizwa, wewe si mmoja wa wale?
Mimi? Hasha. Mimi napenda haki tu,
mimi si feministi.
Nikisema upesi, kama mtu anayekana deni.

Hidaya amelinunua Nyali, neno hilo hilo, kifuani,
kwa herufi za kumetameta, elfu mbili na mia tano.
Nikamwuliza aliyeishona fulana hiyo kalipwa ngapi.
Akageuza kola, akasoma lebo, akanyamaza.
Hakuivaa wiki mbili.
Kisha akaivaa.
Asema neno limepanuka, khaloo,
sasa muna ndani yake yaya, na muuza viazi karai,
na mwanamume anayejua chumvi inakaa wapi.
Redioni mtu wa Likoni akapiga simu:
neno hilo, asema, limemvunjia ndoa.
Mama akaijibu redio:
"Ndoa yako umeivunja kwa mkono wako, mwanamume we,"
akaendelea kumenya vitunguu.

Jana Hidaya aliushona mkoba.
Uzi mwekundu, U kubwa, imeinama kidogo
kama mtu anayechungulia. Akakosea kipimo,
akaiacha mbali na wenzake:
U SAWA.

Mama ana miaka themanini na miwili.
Akausogeza kwenye jicho lisilo na mtoto wa jicho,
akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi,
akadhani anaulizwa.
"Alhamdulillahi," akajibu. "Magoti tu yaniuma.
Na hati ya Zuwena, mpaka leo haijatoka."

Akanigeukia, mkoba mapajani.
"Na wewe, mwanangu? U sawa?"

Nikafungua kinywa nitoe lile langu la kila siku.
Viazi vilikuwa vyafurika jikoni.
Nikamwita kaka akavipunguzie moto,
nikakaa tini, nifikirie.